Muhuri wa Fildi na Koneksheni Isiyo ya Mjomba

 

Kila mwaka, masomo yanapokaribia kufungwa, masjala za ofisi zetu hapa Ilemela, Mwanza, hupokea bahasha za kaki kwa mamia. Ndani mna barua ya utambulisho: mtajwa hapo juu ni mwanafunzi wetu wa mwaka wa pili, anaombewa nafasi ya mafunzo kwa vitendo kwa muda wa wiki nane. Zinakwenda halmashauri, benki, viwanda vya samaki, uwanja wa ndege, vituo vya afya. Wanafunzi wenyewe wanaiita fildi. Nataka leo tuizungumze fildi hiyo, maana kwa maoni yangu ndiyo sehemu ya masomo ya chuo inayotupwa ovyo kuliko zote.

Tazama inavyokwenda. Kijana anahangaika kupata nafasi, simu zinapigwa, hatimaye anapokelewa. Wiki ya kwanza anaonyeshwa kiti. Wiki ya pili hana kazi, anachezea simu. Wiki ya tatu anafika saa nne asubuhi na hakuna anayemuuliza. Wiki ya sita yuko kwao Sengerema, logibuku amemwachia mwenzake amjazie. Wiki ya nane anarudi, mpole kuliko siku aliyokuja: shikamoo bosi, nimekuja kusainiwa. Anapata saini, anapata muhuri, chuoni wanampa alama zake, na mambo yanaishia hapo.

Sasa geuza upande wa pili wa meza. Mwaka mmoja baadaye ofisi ile ile inatafuta mtu wa mkataba wa miezi sita. Fedha ya mradi imeingia, kazi ina haraka. Mkuu wa idara anawauliza wenzake: yule binti aliyetupangia zile takwimu za wavuvi, anaitwa nani vile? Nani ana namba yake? Wanafunzi sita walipita pale mwaka ule, na anayekumbukwa ni mmoja. Wale watano walikuwa kwenye usaili wa wiki nane bila kujua kwamba wanasailiwa.

Tusiwalaumu vijana peke yao. Tabia hii ya kumaliza chuo kwanza, halafu ndipo kazi ifikiriwe, wameirithi. Kizazi cha babu zao kilisoma katika nchi iliyokuwa na upungufu wa kila aina ya mtaalamu. Serikali ilihesabu inahitaji walimu wangapi na mabwana shamba wangapi, ikawasomesha, kisha ikawapangia vituo. Ulipomaliza, swali lilikuwa unapelekwa wapi, Tabora au Lindi. Kazi yenyewe haikuwa swali.

Na serikali hiyo hiyo ilikuwa na wasiwasi kwamba wasomi wanakua mbali na kazi za watu. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, hasa lile la kukatwa sehemu kubwa ya mshahara. Bango mojawapo lilidai wakoloni walikuwa afadhali. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao karibu wanafunzi 400, na yeye mwenyewe akajikata asilimia 20 ya mshahara wake. Miezi mitano baadaye, Machi 1967, akatoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea.

Lakini kisa kinachonivutia zaidi kilitokea jirani yetu. Ukifuata barabara inayopita Nyakato, ukaipita Magu na Bunda, unafika Musoma, na hapo ndipo Halmashauri Kuu ya TANU ilipokutana Novemba 1974. Azimio la Musoma wengi tunalikumbuka kwa elimu ya msingi kwa wote. Lilikuwa na upande wa pili ambao umesahaulika: mwanafunzi wa kidato cha sita asiende chuo kikuu moja kwa moja. Akafanye kazi kwanza, miaka miwili hivi, na mwajiri wake aandike kwamba mtu huyu anafaa. Yaani barua ya bosi ilikuja kabla ya shahada.

Wazo lilikuwa zuri, na utekelezaji wake ulikuwa na matatizo makubwa. Bosi mwenye kinyongo aliweza kuishika kesho ya mtu mkononi. Wasichana wengi walipokwishatoka shuleni kwenda kazini hawakurudi tena kwenye masomo. Waliolewa, walilea, na idadi yao chuoni ikaporomoka, hata ikabidi wasamehewe sharti hilo. Baadaye nchi ikarejea utaratibu wa kutoka sekondari kwenda chuo bila kupita kazini. Sitaki turudishe amri ile. Ila kuna kitu walikiona pale kando ya ziwa, kwamba mtu aliyekwisha kufanya kazi anasoma tofauti, na anayekujua kwa kazi yako ana neno la kusema juu yako kuliko karatasi ya matokeo. Sharti liliondoka, na kwa bahati mbaya wazo nalo likaondoka.

Kilichobaki ni kusubiri, na zama za kupangiwa zimekwisha. Mnakumbuka Juni 2014, Uhamiaji walipotangaza nafasi 70 na vijana zaidi ya 10,000 wakajaa Uwanja wa Taifa kwa usaili? Picha zile za vijana wamekaa kwenye viti vya mashabiki wakijibu maswali zilizunguka kila mahali. Tukashangaa, tukadhani ni kioja cha mwaka huo. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilitangaza nafasi 1,596, wakaomba watu zaidi ya 135,000. Nafasi moja, watu zaidi ya themanini. Walimu nao, ambao mpaka juzijuzi walipangiwa shule moja kwa moja, sasa wanaingia kwenye mfumo wa Ajira Portal na kuitwa usaili kama wengine: mchujo wa kuandika kwanza, halafu vitendo au mahojiano.

Hapo ndipo neno moja linapoibuka, na nalisikia kila kijiwe kuanzia Kitangiri hadi Igoma: bila koneksheni hutoboi.

Mimi silikatai neno hilo. Wapo wanaopenyezwa na wajomba zao, sote tunawaona, na kumwambia mtoto wa mkulima wa Sangabuye kwamba hayo hayapo ni kumfanya mjinga. Ninachobishana nacho ni ile hesabu ya haraka, kwamba kwa kuwa sina mjomba ofisini basi nimekwisha. Koneksheni kwa asili yake ni mtu aliye ndani anayekutaja ukiwa haupo. Mjomba anakutaja kwa sababu ya damu. Mwingine anakutaja kwa sababu alikuona ukifika saa moja na nusu asubuhi siku ya mvua, ukamaliza jedwali lililowashinda watumishi wenye miaka kumi kazini. Huyu wa pili ana nguvu kuliko unavyodhani, kwa sababu mkuu wa idara naye anaogopa. Anaogopa kuletewa mtu asiyejua kazi, maana aibu itakuwa yake. Ukimtoa hofu hiyo umemfanyia hisani. Sifa ya kazi hushika kama harufu ya dagaa: ukishinda soko la Mwaloni asubuhi, jioni kwenye daladala kila mtu anajua ulikotoka.

Koneksheni ya namna hii inaweza kutengenezwa na mtoto wa mtu yeyote. Ubaya wake ni kwamba haitengenezeki kwa wiki mbili za mwisho wa mwaka wa tatu. Inataka uanze mwaka wa kwanza, wakati wenzako bado wanatafuta madesa na kujua ukumbi wa mihadhara uko wapi.

Sasa utaniuliza, nianzie wapi, mimi ni wa mwaka wa kwanza, hakuna anayenijua. Ndugu yangu, uko Mwanza! Wapo wanaosoma mahali ambapo kwa kilomita hamsini hakuna hata karakana. Hapa kwetu ukitoka Kirumba ukaenda kwa mguu unafika Mwaloni, soko la dagaa na samaki ambako wanunuzi wanatoka Congo, Rwanda na Burundi. Kaa pale asubuhi moja uangalie. Magunia yanapakiwa, fedha zinapita mkono kwa mkono, na nusu ya biashara inakwenda kwa mali kauli: chukua mzigo, utanilipa ukirudi. Kumbukumbu za mali kauli hiyo ziko wapi? Kwenye daftari la mistari, lililokunjwa mara mbili, ndani ya mkoba wa mama mwenye biashara. Nani anadaiwa, tangu lini, amelipa nusu au robo, vyote viko kwenye daftari hilo na vingine viko kichwani mwake.

Wewe unasoma uhasibu. Darasani umeshafundishwa wadaiwa na wadai, umeshafundishwa mizania. Mfuate mama mmoja. Mwamkie, jieleze, usijifanye msomi. Mwambie: mama, nipe Jumamosi zako, nikupangie daftari hili usidhulumiwe. Huenda wa kwanza akakufukuza, kwa sababu anadhani umetumwa na watu wa kodi. Wa pili akacheka. Wa tatu akakubali, kwa kuwa wiki iliyopita ametapeliwa. Ndani ya mwaka mmoja utakuwa umejua mashine ya EFD inavyotumika, namba ya mlipakodi inavyopatikana, makadirio yanavyofanywa, na jinsi mfanyabiashara halisi anavyopata hasara huku mauzo yanapanda. Mwenzako aliyebaki hosteli ataijua mizania ya kwenye mtihani tu. Mkiingia wote wawili kwenye usaili na mkaulizwa mfano wa deni lisilolipika, wewe una gunia halisi la kutaja.

Au tuseme uko FETA pale Nyegezi unasomea uvuvi na ufugaji wa samaki. Vizimba vya kufugia samaki vimeongezeka sana ziwani. Mwezi Januari 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alikuja hapa Mwanza kukabidhi boti na vizimba vya mkopo nafuu. Mikopo ikatoka, sato wakapandwa, na miongoni mwa waliokopa wamo wavuvi, ambao kazi yao maisha yote ilikuwa kumkamata samaki, kumfuga hawajawahi. Kufuga ni kazi nyingine kabisa. Chakula ndicho kinachokula fedha kuliko kitu chochote, na anayelisha kwa kukisia anaimwaga fedha majini. Inatakiwa mtu wa kuvua sampuli, kupima uzito, kukokotoa chakula cha wiki, kupima joto la maji na oksijeni, kuhesabu waliokufa na kuandika. Kikundi cha vizimba kikimpata mwanafunzi anayefika kila Jumapili na mzani wake, kitamkumbuka. Tena akimaliza, huenda yeye ndiye akawa mwenye kizimba.

Nyakato kuna SIDO ya viwanda vidogo na kuna VETA ya mafunzo ya ufundi. Mwanafunzi wa uhandisi ambaye hajawahi kushika mashine ya kuchomelea, na VETA wana kozi fupi, huyo ananishangaza. Mhandisi mtarajiwa anayeogopa kuchafua mikono ataagizwa na fundi wake mwenyewe siku ya kwanza kazini, na mafundi wana njia zao za kumjaribu kijana mwenye kofia mpya. DIT nao wana kampasi hapa Mwanza, wanafundisha teknolojia ya ngozi, katika kanda ya ng'ombe kama hii yetu. Anayesoma pale na hajui machinjio yanatupa ngozi ngapi hajaanza kusoma.

Pasiansi nitawataja kwa heshima, kwa sababu wao hawana tatizo hili. Chuo kile cha wanyamapori kipo tangu 1966, na mwanafunzi wake kazi anaianza siku anapovaa buti. Gwaride, porini, doria. Hakuna wa kujaziwa logibuku. Vijana wa uandishi wa habari pale SAUT nao wana redio ya chuo, na anayejua njia ya studio tangu mwaka wa kwanza humkuti akitetemeka mbele ya kipaza sauti. Hili nalijua kwa kuwapokea hapa redioni.

Upande wa fedha nitapita haraka, ila siwezi kuuruka. Bumu. Mwenye mkopo wa Bodi ya Mikopo anapata shilingi 10,000 kwa siku kwa ajili ya chakula na malazi, na zikija za siku sitini kwa mpigo ni laki sita. Nimeona laki sita zikigeuka simu mpya ndani ya saa ishirini na nne, halafu mwenye simu akaishi kwa mihogo ya kukopa. Fedha ile ni deni. Ukimaliza, baada ya miezi 24 unatakiwa uanze kulipa, na ukiajiriwa mwajiri anakata asilimia 15 ya mshahara wako wa msingi kabla hujauona. Basi kwa kila bumu tenga nauli ya Jumamosi za Mwaloni, tenga ada ya kozi fupi. Anayesomeshwa na mzazi aliyeuza ng'ombe naye ajue ile ni fedha ya ng'ombe.

Lingine la haraka: uliza mapema bodi ya taaluma yako inataka nini. Wahasibu wana mitihani ya CPA ya NBAA, wanasheria wana Shule ya Sheria, wahandisi wana mafunzo ya miaka mitatu chini ya bodi yao, madaktari wana mwaka wa mafunzo kazini hospitalini. Wapo wanaoyasikia haya siku ya mahafali, joho likiwa mwilini.

Nimebakiza jambo zito. Mabinti wanaotafuta fildi. Kuna watu katika ofisi, sizitaji, ambao wakipokea barua ya binti wanamwambia aje waizungumzie jioni, mahali pengine. Binti mdogo wa miaka ishirini, hajui la kujibu, na chuo kinamtaka alete barua ya kukubaliwa kabla ya Ijumaa. Hiyo inaitwa rushwa ya ngono na ni kosa la jinai. Limo kwenye kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Namba ya TAKUKURU ni 113, kupiga ni bure. Hifadhi ujumbe wote wa simu aliokutumia, usiufute kwa hasira. Na ninyi vyuo, msimamizi anayekwenda kumkagua mwanafunzi kazini amuulize na hili, faragha, asitazame logibuku tu akala soda akaondoka.

Tena kuna malalamiko mengine ya upande wa wanafunzi ambayo ni ya haki kabisa. Mtoto anafika na hamu ya kujifunza, anageuzwa mtu wa kutoa fotokopi na kufuata chai. Wakuu wa idara mnaonisikiliza, hapo kwenye kabati kuna kazi iliyolala. Kuna rejesta ya mali ambayo haijahuishwa, kuna orodha ya vikundi vya mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya halmashauri isiyojulikana nani amerejesha, kuna mafaili ya viwanja vya Kiseke na Buswelu yanayotafutwa nusu siku kila mwananchi anapokuja. Mpe mwanafunzi kazi moja kati ya hizo iwe yake kwa wiki nane. Mwambie wiki ya mwisho atasimama mbele ya idara kwa dakika kumi na tano aeleze alichofanya. Akishindwa, umejua. Akiweza, umepata kazi ambayo ungelipia mshauri mamilioni.

Na wewe mwanafunzi, usipopewa kazi hiyo, iombe. Wiki ya kwanza tazama, sikiliza watu wanalalamikia nini, halafu mfuate msimamizi wako: mzee, nimeona hili linawasumbua, naomba nilijaribu. Andika logibuku mwenyewe, kila siku, yaliyoshindikana pia. Siku ya mwisho, kabla ya kuaga, omba barua inayoeleza kazi uliyofanya, kwa maneno mahususi, wakati bosi bado anaikumbuka. Watumishi wanahamishwa, ukirudi mwaka ujao utaambiwa yuko Katavi. Chukua namba yake. Halafu sikukuu ikifika mtumie salamu tu, usiweke ombi lolote ndani yake.